Nimepeleka samaki wangu kago ya ndege mara 5, haya ndo niliyoyaona

Mimi sio kampuni jamani, ni mama muuza samaki tu, nanunua sato na sangara Mwanza natuma Dar kwa wateja wangu wa Sinza na Mbezi plus kamgahawa kamoja ambako kila wiki lazima kapate kilo kumi. Miaka yote nilikuwa natumia basi, na basi mnalijua, ni zaidi ya kilomita 1,100 hizo, mzigo unaingia buti mchana unashuka kesho yake, likiharibika Singida ndo basi tena, barafu imeyeyuka yote, konda anakupigia simu kukutukana eti mabegi ya abiria yananuka. Nikachoka nikahamia ndege kupitia wakala mmoja wa kago hapo Mwanza, jina naliacha maana sijaja kuharibiana biashara. Nimewatumia mara 5, sasa naweza kusema kitu.

Mara ya kwanza nilirudishwa na mzigo wangu. Nilienda na boksi la foam nimejaza barafu ya kuponda vilevile kama nilivyozoea kwenye basi, kijana wa kaunta akaliinua upande mmoja, akalitikisa kidogo, akasikia maji yanacheza, akasema "Mama, hili halipandi." Nikaanza kupandisha sauti pale mpaka watu wakageuka. Yule kijana hakukasirika, akaniambia maji ya samaki yakivuja yanaingia chini ya sakafu ya ndege, yanakula bati, harufu haitoki, na anayeulizwa ni yeye aliyelipokea boksi. Akanipa darasa hapohapo: achana na barafu ya maji, tumia pakiti za jeli zilizoganda kisawasawa, samaki weka kwenye nailoni nzito mbili kila moja ifungwe kivyake, na chini ya boksi weka kitu cha kunyonya. Mimi nikaweka pampasi za mtoto, msinicheke, pampasi nne chini ya boksi hazijawahi kuniangusha hata siku moja. Kwa hilo darasa nawapa nyota zao zote, wengine wangepokea hela halafu mzigo ukaachwa uwanjani.

Karatasi ya afisa uvuvi uwe nayo, hapo hawana mchezo.

Sasa hela. Watu wengi wanaolalamika kuibiwa kwenye kago hawajaibiwa, ni hesabu hawaijui, na mimi nilikuwa mmoja wao. Boksi langu lilikuwa sentimita 60 kwa 40 kwa 40, mizani ikasoma kilo 13 na nusu, risiti ikatoka imeandikwa kilo 16, nikawaka. Kumbe ndege wanaangalia vitu viwili, uzito na nafasi unayokula, kinachozidi ndo unalipia. Unazidisha urefu upana na kimo halafu unagawa kwa 6000, piga mwenyewe uone, inakuja 16 kamili. Yaani nilikuwa nalipia hewa kilo mbili na nusu, na hewa yenyewe ndo inayopasha samaki ndani ya boksi! Sasa hivi natumia la 50 kwa 40 kwa 35, samaki walewale wanaingia wamebanana vizuri, ujazo hauufikii uzito, nalipia mizani tu. Halafu wanapima kwa nje, kwahiyo foam nene inatunza baridi vizuri ila unene wake nao unaulipia. Hata hivyo bei bado iko juu, kwa mzigo wangu basi lilikuwa linakula chini ya nusu ya hiyo hela.

Kitu kingine nilichojifunza kwa hasara ni kwamba boksi halipoozi samaki, linatunza ile baridi uliyomuwekea tu. Ukipakia samaki wa uvuguvugu wa mwaloni ukategemea jeli mbili zifanye maajabu, umekula hasara. Mimi sasa sato wanalala kwenye barafu nyingi usiku mzima nyumbani, alfajiri nawatoa nawafuta, ndo wanaingia kwenye boksi. Nina kipimajoto kile cha kuchoma kwenye nyama, nakichomeka mgongoni pale penye mnofu mnene. Mara ya pili Mwanza kilisoma nyuzi 1, Dar mpwa wangu akapima 3. Mara ya tatu hivyohivyo. Nikasema hapa nimefika.

Mara ya nne ndo nikajua nilichokuwa nalipia. Mzigo niliushusha mapema kwa ajili ya ndege ya saa moja asubuhi, nikapewa weibili, ile karatasi ya mzigo yenye namba yake, nikaenda zangu kunywa chai. Ndege ikaondoka, boksi likabaki! Abiria walikuwa wengi, mabegi yamejaa, na ndege ya abiria ikizidiwa kinachoshushwa ni kago, hilo nalielewa kabisa na silalamikii. Nacholalamikia ni kwamba hakuna aliyenipigia. Mpwa wangu kakaa Dar kwenye geti la kago toka saa tatu asubuhi, ananipigia, namwambia subiri, nawapigia wakala simu inaita tu. Nikaja kukumbuka ile namba ya weibili yenye tarakimu 11, tatu za mwanzo ni za shirika la ndege, nikaiingiza kwenye mtandao wa shirika nikaona mzigo bado unasoma Mwanza. Nikapanda boda mpaka pale. Boksi langu lipo wapi? Wakanambia lipo kwenye koldirumu, yaani chumba cha baridi. Nikaomba nikaione hiyo koldirumu. Asee, ni chumba cha kawaida kina AC ukutani, rimoti iko mezani inasoma 18! Kumi na nane ile ya hasi ndo ya samaki wa kugandisha, hii yao ni ya bwana harusi kulalia.

Nikamwambia yule dada wa pale, mdogo wangu naomba basi nibadilishe jeli, akasema mzigo ukishafungwa na kupitishwa kwenye mashine haufunguliwi tena, ukifunguliwa uanze upya na ndege ya jioni nayo itakuacha. Ikabidi ninyamaze. Likapanda jioni, likafika Dar, likakaa tena kwenye toroli mpaka karatasi zikamilike, mpwa wangu anapima ananitumia picha: nyuzi 11. Mashavu yashakuwa ya kahawia, macho yamezama. Sikuuza hata mmoja, yule mama wa mgahawa nilimrudishia hela yake na nikamuomba msamaha. Kuhusu fidia, wakanionyesha nyuma ya weibili, mzigo wa kuharibika ni juu ya mwenyewe. Wakanipa punguzo la safari inayofuata, nikalichukua ningefanyaje.

Ukipiga hesabu, ndege yenyewe inakaa angani kama saa moja na nusu tu. Angani samaki hana muda wa kuharibika. Anaharibikia chini, getini, kwenye hicho chumba cha AC, kwenye toroli. Viwanda vya minofu ya sangara vya hapa Mwanza vina magari yao ya baridi, mzigo unatoka kiwandani umeshapozwa na wanajua soko linaweza kufungwa, mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wetu wa ziwani kwa sababu ya ile sumu ya kuvulia. Sisi wa boksi moja moja hakuna anayetuwekea gari la baridi, tunabebana na kirikuu.

Mara ya tano nilituma minofu iliyogandishwa na barafu kavu, hapo walifanya kazi safi niseme ukweli. Barafu kavu ina baridi ya nyuzi hasi 78 na ushee, haiachi maji, inageuka hewa, kwahiyo boksi haulizibi mpaka likose pa kupumulia, na lazima utamke kabisa maana kwenye ndege inahesabiwa ni mzigo wa hatari. Walibandika lebo yake ya UN1845, wakaandika na kilo za barafu yenyewe. Mpwa nilimuonya asipakie kwenye gari akapandisha vioo, ile hewa inakaba mtu. Minofu ilifika migumu kama matofali, ukigonga mezani inalia ko. Shida ni kuipata hiyo barafu, nilihangaika siku mbili.

Kwa ujumla nawapa nyota 3 kwa 5. Kaunta wanajua kazi, karatasi wanajua, mawasiliano sifuri, na hicho chumba waache kukiita koldirumu. Nimejipangia sheria zangu: ndege ya kwanza ya asubuhi tu, Ijumaa situmi maana abiria na mabegi ni balaa, jeli naweka za kutosha masaa 12 hata kama safari ni ya masaa mawili, na sitoki uwanjani mpaka nione boksi langu linaingia tumboni.

Kesho natuma maboksi mawili. Pampasi nimeshanunua.