Lenzi ya mtembea kwa miguu: uzoefu wangu na Canon EF 50mm f/1.8 STM

Sipigi picha za harusi wala za matukio. Napiga kwa mapenzi tu, asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, hapa hapa Dar es Salaam. Lenzi inayokaa kwenye kamera yangu muda wote ni Canon EF 50mm f/1.8 STM, na kamera yenyewe ni EOS 700D. Nimeona niandike kwa sababu wengi wenye kamera za aina hii bado wanatumia ile lenzi ya zoom ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, picha haziwaridhishi, wanaanza kuwaza kubadili kamera. Badilisha lenzi kwanza.

Hii ilitoka mwaka 2015 kwa bei ya dola 125, ikachukua nafasi ya ile 50mm ya zamani iliyokuwapo tangu 1990. Ina uzito wa gramu 160. Mwili wake ni wa plastiki, lakini sehemu inayoshika kamera ni ya chuma, tofauti na ile ya zamani. Inaingia kwenye mkoba wa kawaida pamoja na kamera yake, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa: kamera inayobaki nyumbani haipigi picha.

Haina zoom. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, sogea. Ukitaka kiwe kidogo, rudi nyuma. Tena sensa ya 700D, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo lenzi inaona kama ingekuwa ya milimita 80 kwenye kamera ya fremu kamili, ile yenye sensa kubwa. Kumpata mtu kutoka kichwani hadi kiunoni unasimama naye mita mbili hivi. Umbali huo ni wa mazungumzo. Huwezi kujificha, huwezi kumwibia mtu picha yake, lazima umsalimie. Hapo ndipo raha yangu yote ilipo. Kabla ya lenzi hii nilikuwa napita mtaani kwangu nikiwajua watu kwa sura. Sasa nawajua kwa majina, na wao wananijua.

Chukua mama anayekaanga vitumbua karibu na kituo chetu cha daladala. Nilimwamkia shikamoo, nikaomba ruhusa. Akaitikia marahaba mwanangu, kisha akasema, "Subiri basi nikae sawa na ushungi wangu." Akajitengeneza, akarudi kwenye kaango kana kwamba sipo. Lenzi hii inaweza kufokasi, yaani kukitoa kikali, kitu kilicho sentimita 35 tu kutoka kwenye sensa ya kamera, kwa hiyo niliinama hadi kwenye vitumbua vyenyewe: mafuta yanachemka pembezoni, kijiti cha chuma kinazungusha kitumbua kimoja, mvuke wa nazi na iliki unapanda, na nyuma yake kanga ya mama imeyeyuka kuwa rangi tupu, nyekundu na njano. Nilisafisha picha mbili za nne kwa sita kwenye studio ya picha za pasipoti, nikampelekea. Alikagua vitumbua kabla ya kujikagua mwenyewe, akaniambia kile cha pembeni kilikuwa bado hakijaiva.

Kusafisha picha nakusisitiza sana. Picha iliyo kwenye simu huonekana leo na kesho ikafukiwa na nyingine. Ya karatasi inabandikwa ukutani, inatumwa kijijini kwa basi, inaonyeshwa wageni. Pwani hii ina historia ndefu ya watu kujali picha za karatasi. Zanzibar, Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, na picha zake ni kumbukumbu ya maisha ya mji ule.

Sasa mwanga. Kwenye milimita 50, lenzi ya 18-55 hufunguka hadi f/5.6 tu. Hii inafunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), maana yake inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Kwa sisi tulio karibu na ikweta hilo lina uzito wa pekee. Jua letu halizami kwa kulala taratibu kama huko kaskazini ya mbali. Linashuka wima, na ule mwanga laini wa dhahabu unakaa muda mfupi sana. Kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni mimi niko barabarani. Giza likiingia, ile 18-55 ningeifunga mkobani. Na hii ndiyo kwanza shughuli inaanza: taa ya muuza chipsi, kinyozi mlango wazi, vijana wanacheza draft chini ya balbu moja. Naweka ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, 1600, na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/100 ya sekunde, napata.

Ila usikae kwenye f/1.8 kila wakati. Ukimpiga mtu akiwa mita moja, sehemu inayotoka kali ni sentimita mbili au tatu tu: jicho limetulia, sikio limepotea. Mimi nyuso nazipiga kwa f/2.8, na watu wawili waliokaa barazani kwa f/4. Pia haina kitulizaji cha mtikisiko, kwa hiyo shata isiwe chini ya 1/80, la sivyo mkono utaonekana kwenye picha.

Jambo jingine linalowasumbua wengi wala si la lenzi. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kitu kina wastani wa kijivu. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe, uso utatoka giza. Shikilia kitufe cha Av huku ukizungusha gurudumu la kamera hadi +1, picha iongezeke mwanga. Mama aliyevaa baibui akijaza fremu, kamera itafanya kinyume, nguo nyeusi itatoka kijivu. Shusha hadi -1. Ngozi zetu zina rangi nyingi, kahawia, wekundu, hata samawati ya kivuli, na inaniuma kuona zinafutwa kwa kupima mwanga vibaya au kwa programu za kung'arisha uso.

Nikitaka nafasi zaidi huenda soko la samaki la Feri asubuhi, wakati mnada umechangamka. Samaki waliomwagwa sakafuni wanang'aa majimaji, wanunuzi wanapaza bei, wachukuzi wanapita na ndoo kichwani. Kumbuka tu Ikulu ya Magogoni iko jirani: elekeza lenzi upande wa bahari na wa samaki, na mtu akikuambia usipige, shusha kamera umshukuru.

Nani asiinunue? Anayepiga sana ndani ya vyumba vidogo. Sebule ya kawaida ya uswahilini haitakutosha, utagonga ukuta kwa mgongo kabla familia haijaingia kwenye fremu. Huyo atafute EF-S 24mm f/2.8 STM, ambayo ni nyembamba zaidi na inaona mapana. Anayefuatilia mpira naye ataiona polepole, na gizani fokasi hutafutatafuta kidogo kabla ya kushika.

Kwa matunzo: mdomo wa mbele hutoka nje inapofokasi kwa karibu, na ukizima kamera unaweza kubaki pale pale. Fokasi kitu cha mbali kwanza ndipo uzime, mdomo urudi ndani, usije ukagongwa mkobani. Kofia yake ya kivuli, ES-68, huuzwa mbali, inunue.

Ukichukua iliyokwisha kutumika, nenda na tochi. Joto na unyevunyevu wa pwani huzaa fangasi ndani ya vioo. Toa vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei. Vumbi chache hazina neno. Ifunge kwenye kamera, jaribu fokasi ya karibu na ya mbali, kisha ukifika nyumbani iweke kwenye kontena kavu lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.