Kutembezwa msitu wa Amani: nendeni kwa ajili ya majani

Ukienda Amani, ule msitu wa hifadhi wa Usambara Mashariki, Tanga, kutafuta wanyama wakubwa utarudi unanung'unika. Wakala aliyetuuzia safari alitutajia mpaka tembo, tukafika tukawa tunachekana. Mimi nilichokuta huko ni majani, na wala siidai nauli yangu.

Kazi yangu useremala. Mti hunifikia ukiwa tayari mbao. Mvule naujua kwa uzito, kwa rangi, kwa vumbi lake linalowasha pua. Sasa pale Zigi, chini kabla hujapanda mlima, kiongozi wetu akachuchumaa, akashika mche wa kufika magotini. Jani linakwaruza, kingo zina meno kama msumeno uliotoka kunolewa. "Mti gani huu, fundi?" Kimya. Mvule! Hatua chache mbele tukasimama chini ya mvule mkubwa, akaokota jani lake: kingo nyororo, hakuna jino hata moja. Kumbe mti ukikua unabadili majani. Nilirudi kwenye ule mche nikapitisha kidole tena, wenzangu wakaniacha nyuma.

Kijana yule nampa nyota zote tano. Hakukaririshi majina ya Kilatini, anakutia kitu mkononi. Alinipa majani mawili ya mti mmoja: la tawi la chini pana na jepesi, la kileleni, lililoangushwa na upepo, dogo na gumu. Chini mwanga ni wa kugombania, jani linajitandaza liupate. Juu jua na upepo vinalinyonya maji, kwa hiyo halijiachii. Halafu akamimina maji ya chupa juu ya jani lenye ncha ndefu iliyochongoka. Maji yote yakakimbilia nchani, yakadondoka. Miti mingi mle ina ncha ya namna hiyo hata kama haina undugu, na maelezo ya kawaida ni kwamba mvua haitulii juu ya jani likaota ukungu.

Ukubwa wa mti nao usikudanganye. Newtonia ni jitu hasa, shina limejikita kwa mizizi mipana iliyosimama kama mbawa, lakini jani lake limegawanyika vijani vya milimita chache tu. Chini kabisa, kwenye mawe yenye unyevu, kuna Saintpaulia, ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake kwao miaka ya 1890. Siku hizi Ulaya linakaa madirishani. Majani yake yana manyoya, yagusie tu mgongo wa kidole.

Bustani ya mimea ya mwaka 1902 tuliipita mbiombio, mvua imeshashuka, kwa hiyo siisemei.

Vaa viatu vinavyoshika, njia ni tope. Na ukifika, omba kiongozi wa miti. Wengine wao ni wa ndege na vinyonga.