Jiko la peleti nyumbani Malindi: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Mwezi wa Agosti mwaka jana niliacha kununua mkaa wa gunia, nikanunua jiko la peleti lenye feni kwa shilingi 6,500. Nyumba yetu iko Malindi, tuko watu sita, na kila siku tunapika mara mbili. Kabla ya kutoa pesa zangu nilitafuta maelezo ya mtu wa pwani aliyelitumia jiko la namna hii nisiyapate, ndiyo maana ninayaandika haya kwa mwenzangu anayetaka kupunguza gharama za moto.

Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa mashine hadi likawa vipande vigumu, vyembamba kama penseli na vifupi kama pingili ya kidole. Mara ya kwanza nilizisikia kwa Waitaliano wa hapa mjini, ambao kwao jiko la peleti ni la kupasha nyumba joto wakati wa baridi: mtambo mkubwa kama kabati, unaotumia umeme na wenye bomba la kutolea moshi nje. Sisi baridi hiyo hatuna, na letu ni jiko dogo la kupikia linalobebeka kwa mkono mmoja. Hata hivyo hesabu ya kulichagua ni ileile, kwamba jiko unalinunua mara moja lakini unalilisha kila siku.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Gunia la mkaa, huu unaoshushwa kutoka upande wa Langobaya na Chakama, lilikuwa likinigharimu shilingi 2,200 na kuisha kwa mwezi. Sasa ninatumia mifuko miwili ya peleti ya kilo 20, kila mmoja kwa shilingi 640, pamoja na shilingi 200 za kuisafirisha yote miwili kwa basi kutoka Mombasa. Jumla ni 1,480, kwa hiyo ninabakiwa na shilingi 720 kila mwezi, na bei ya jiko ilirudi baada ya miezi tisa hivi. Asikudanganye mtu kwamba kilo ya peleti ina moto sawa na kilo ya mkaa, kwa sababu mkaa una nguvu zaidi kwa uzani. Faida inatokana na jiko lenyewe, ambalo halipotezi joto ovyo kama jiko la bati. Tena mkaa unapotoka kwenye tanuri la udongo, kilo moja imekwisha kula kilo tano za kuni au zaidi, na jambo hili linaniuma ninapokumbuka misitu yetu ya bara inavyokwisha.

Nilipokwenda kuchagua, nilibeba sufuria yangu mwenyewe. Dukani kulikuwa na jiko la shilingi 3,000 lisilo na feni na hili lenye feni, nikamwomba muuzaji ayawashe yote mawili mbele yangu na kuchemsha maji lita mbili kwenye kila moja. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Haya mama, ni haki yako." Lenye feni lilichemsha kwa dakika kumi na moja, na kitako cha sufuria kilitoka na doa jepesi tu. Lile jingine lilichukua dakika kumi na saba, likaacha masizi, na kila upepo ulipopita mlangoni moto uliyumba na moshi ukatuingia machoni. Kwa mtu wa Malindi, ambaye upepo wa kusi unamfuata hadi uani, nafuu ya bei ile si nafuu.

Moto wake una desturi yake. Peleti hujazwa kwanza, kisha huwashwa juu, si chini. Mimi hutumia nyuzi za makumbi makavu. Joto linapoteremka kutoka juu kwenda chini, peleti za chini hutoa gesi, nayo hupanda na kukutana na hewa inayosukumwa na feni kupitia matundu ya juu, ikawaka kwa mwali safi. Ndiyo maana hakuna moshi mwingi, na ndiyo maana pia huwezi kuongeza peleti katikati ya mapishi, kwani ukizitupia juu moto unazimika na moshi unajaa. Mjazo mmoja wa kwangu hudumu dakika 70 kwa moto wa wastani. Mbaazi za nazi ninazilaza majini tangu usiku ili ziive ndani ya muda huo.

Wali ndio ulionifanya nishindwe kuliacha jiko hili. Mwali unapokwisha, ndani hubaki makaa mekundu madogo, mepesi, yanayolia kama kokoto ukiyachota. Ninayapalia juu ya kifuniko cha sufuria, na wali wa nazi unakauka taratibu juu na chini hadi unashika ukoko mwembamba wa rangi ya asali. Mavyaa wangu, ambaye hakuwahi kuukubali wali wa gesi, aliuonja akauliza mkaa huu nimeununua kwa nani. Gesi nimebaki nayo kwa chai ya alfajiri tu.

Hasara yangu kubwa ilikuja na masika. Mwezi wa Mei nilisahau mfuko umefunguliwa kwenye kona ya stoo, na baada ya siku nne peleti zilikuwa zimefura na kupasuka. Ukizibana kwa vidole zinarudi kuwa vumbi. Nilizianika, lakini zikishavunjika hewa haipiti kati yake, na jiko linatoa moshi mtupu. Tangu hapo, mfuko ukifika humiminwa wote kwenye ndoo za rangi zenye vifuniko vya kukaza.

Feni nayo ilikufa mwezi wa saba. Duka lililoniuzia lilichukua wiki tatu kunijibu, likanitaka nilirudishe jiko Mombasa kwa gharama yangu, jambo ambalo naliona si haki kwa kitu chenye dhamana ya mwaka. Fundi wa redio wa mtaani alilifungua akanionyesha waya ulioota kutu ya kijani. "Chumvi ya bahari hii, mama," akasema, akauchomelea mpya na kuupaka grisi kwa shilingi 400. Ukinunua, uliza mapema kama feni inatoka kwa bisibisi au imepigwa ribiti.

Makaa yanayobaki yasikuhadae kwa kukosa moshi. Yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa. Langu hukaa uani, na makaa nisiyoyapalia huyafukia mchangani. Anayepika na kulala katika chumba kimoja kisicho na ua wala baraza sitamshauri alinunue. Wala halifai sufuria kubwa ya pilau ya wageni, maana mdomo wake ni mdogo na sufuria inacheza. Siku hizo ninarudi kwenye mafiga.