Kampuni ya mpango wa majanga: zoezi safi, ripoti weka kando

Wacha niseme mapema, kama unachotaka ni faili nene la kuonyesha maodita, hapa Nairobi utapata wengi wa bei rahisi kuliko hawa tuliowaita watuandalie mpango wa majanga na kuujaribu. Sisi ni sacco, chama cha akiba na mikopo, ofisi iko Upper Hill. Jina lao siweki kwa sababu bado tuko na mkataba nao.

Bodi ilikuwa imekataa hii maneno kwa muda mrefu, mpaka ile 25 Agosti 2023 stima ikapotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa JKIA abiria wakakaa gizani kwa sababu jenereta moja ilikataa kuwaka. Hapo ndio wazee wakaanza kuuliza yetu ilijaribiwa lini.

Walinifurahisha kwa sababu hawakuanza na mameneja. Walikaa na watu wa kaunta wakawauliza mfumo ukianguka mnaweza kaa masaa mangapi kabla wanachama waanze fujo, na mkipoteza rekodi, za muda gani mnaweza vumilia. Hilo la pili lilituuma. Bakapu yetu, yaani nakala ya akiba ya data, ilikuwa inachukuliwa usiku, kumaanisha seva ikifa saa kumi jioni, kila pesa iliyowekwa na kila mkopo tangu asubuhi imeenda, mnaanza kutafuta risiti za karatasi.

Sasa zoezi lenyewe. Jumamosi wakatuambia tuzime meni swichi, si kuigiza, kuzima kabisa. Jenereta ikawaka, taa ziko, watu wakapiga makofi, kumbe kile kikabati cha intaneti hakiko kwa laini ya jenereta kwa hivyo tulikuwa na mwanga na hakuna mfumo. Halafu wakachukua bakapu waiweke kwa mashine ingine tuone kama inarudi. Imefungwa na paswadi, na anayeijua ni jamaa mmoja wa IT aliyeacha kazi kitambo. Tulimpigia akiwa shamba Nyahururu, bahati nzuri bado anatupenda.

Kwa intaneti pia walitutoa ushamba. Tulikuwa tunajigamba tuko na laini mbili za kampuni mbili, wakauliza kila moja inatoka nchi kupitia waya gani wa baharini, kimya. Mwezi wa tano 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja, sasa kama laini zako zote zinategemea hizo unalipa mara mbili kwa shida moja. Ushauri wao wa bakapu ni ule unajulikana, nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na jengo, ila walisisitiza moja isiunganishwe na mtandao kabisa kwa sababu wale wahalifu wa kufunga data wadai pesa hutafuta bakapu kwanza. Pia wakaandika ni nani ataripoti kwa kamishna wa data ndani ya masaa 72 data ya wanachama ikivuja, vile sheria ya 2019 inataka.

Mabaya sasa. Ripoti ni ya kukopi, kuna ukurasa unatufunza cha kufanya theluji ikiziba barabara. Theluji, Upper Hill! Barua pepe hawajibu mpaka upige simu. Na zoezi la pili, lenye linaonyesha kama mlirekebisha chochote, wanachaji kivyake na hawakusema mapema. Lakini siwezi kuwanyima haki yao, hawakutusukumia cheti cha ISO 22301, kile cha kimataifa cha kuendeleza biashara wakati wa majanga, walisema kama hakuna tenda inayokidai hiyo pesa tununulie UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea, ya kile kikabati, na tulinunua.

Nyota nne kwa zoezi, mbili kwa ripoti. Tutawaita tena. Wewe ukiwachukua hakikisha bei ya zoezi la pili imeandikwa kwa mkataba kabla usaini, na waambie walifanye mwisho wa mwezi mishahara ikiingia, si Jumamosi ofisi ikiwa tupu kama yetu.