Trials Rising: maoni ya bodaboda wa Moshi

Naendesha bodaboda hapa Moshi mwaka wa tisa sasa, na mwezi uliopita nimeanguka mara nyingi kuliko miaka yote hiyo ukiijumlisha. Sijachubuka hata kidole. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la banda la gemu kule Majengo, pedi mkononi, watoto wa darasa la sita nyuma yangu wanacheka mpaka wanashikana.

Gemu yenyewe ni Trials Rising, kazi ya kampuni ya RedLynx wa Helsinki, Finland. Ilitoka Februari 2019, kwa hiyo si mpya, ila bandani kwetu imeingia juzijuzi kwenye PS4. Kama uliwahi kucheza Gravity Defied kwenye Nokia ya vitufe, ile ya mistari mitupu na pikipiki ya vijiti, basi ukoo ni uleule. Pikipiki unaiona kwa ubavu, inaelekea kulia, na kazi zako ni tatu tu: kitufe cha R2 mafuta, cha L2 breki, kijiti cha kushoto kumsogeza dereva mbele au nyuma. Kona hakuna. Gia hakuna. Klachi hakuna.

Niliposikia hakuna kona nikasema aisee, hii ni ya watoto. Halafu nikafika kwenye mlima wa kwanza wa maana.

Ngoja nieleze kwa lugha ya kijiweni. Ukipandisha njia za ndani za Kibosho na mfuko wa saruji nyuma, ukafungua mafuta kwa pupa, tairi la mbele linanyanyuka. Ukizidi kukaza unalala chali na saruji juu ya kifua. Dawa yake unasogea mbele mpaka tumbo liguse tangi, mafuta unayatoa kidogo kidogo. Lakini ukisogea mbele mno, tairi la nyuma linakosa uzito, linazunguka bure, na mlima unaanza kukurudisha ulikotoka. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na kila bodaboda wa huku milimani anaijua kwa makalio yake, hata kama hawezi kukuchorea.

Hiyo nafasi wale Wafini wameipata. Kabisa. Nilipoacha kucheza kwa macho nikaanza kucheza kama niko juu ya Boxer yangu, milima iliyokuwa inanitesa ikaanza kupandika. Wale watoto wanajua kubonyeza kuliko mimi, ila kwenye mlima mkali wa kupanda wananipa pedi: "Anko, tuvushe hapa."

Kuna kingine ambacho barabarani sijawahi kukijaribu na sitakijaribu. Ukiwa hewani pua imepanda sana, gusa breki: tairi la nyuma lililokuwa linazunguka linasimama, mzunguko wake unahamia kwenye pikipiki nzima, pua inashuka. Wale wa motokrosi, mbio za pikipiki za kwenye vumbi na vilima, hufanya hivyo kwenye miruko. Mimi nilidhani ni ujanja wa gemu, mpaka nilipofikiria mara mbili nikaona mbona inaingia akilini.

Kinachonikera ni miguu. Masika tope la Uru likikushika, unashusha miguu yote miwili unatembea na pikipiki kama bata. Dereva wa gemu miguu yake imegundishwa. Ikianza kulala, imelala, na kichwa kikigusa kitu tu amekufa, unabonyeza kitufe cha duara kurudi kwenye kituo cha mwisho ulichopita. Baadaye nikaambiwa kuna mchezo wa kweli wa pikipiki unaoitwa trials, ambapo pikipiki haina hata siti ya maana na ukigusa mguu chini unahesabiwa kosa. Mhispania Toni Bou amekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka hadi mwaka kuanzia 2007. Basi nikawaelewa. Ila bado naona tope langu limedharauliwa.

Njia zenyewe zinazunguka dunia, Mnara wa Eiffel, Ukuta Mkuu wa China, na kila unapoanguka unazidi kuikosa medali ya dhahabu. Zile ngumu kuliko zote sijaimaliza hata moja, na sioni aibu kusema. Ukimaliza njia, dereva anarushwa au kulipuliwa kwa namna fulani ya kijinga. Mara ya kwanza nilicheka. Ya thelathini nilikuwa natazama simu.

Raha yote, kwangu, iko kwenye pikipiki ya watu wawili. Pedi mbili, chombo kimoja, kila mtu ana nusu ya mafuta na nusu ya uzito. Nilicheza na mpwa wangu, mtoto wa dada. Mimi nimeinama mbele, yeye kaegemea nyuma, pikipiki imesimama katikati ya mlima inatetemeka kama mbuzi aliyekataa kuvuka maji. "Anko, mbele! Mbele!" "Niko mbele, wewe uko wapi?" Tulitumia dakika ishirini kwenye njia ambayo peke yangu naimaliza kwa mbili. Nimebeba abiria wa kila aina, wenye kuku, wenye godoro, waliolewa, na wote wana kosa hilohilo: nikilala kushoto wao wanalala kulia. Leo ndiyo nimejua abiria anajisikiaje, maana mpwa aliniambia mimi ndiye mzigo.

Upande wa banda: gemu ya mpira inalipiwa kwa mechi, hii haina mechi, kwa hiyo ni shilingi 1,000 kwa nusu saa, na umeme ukikatika saa inaendelea kuhesabiwa. Tuligombana kidogo juu ya hilo, nikashindwa.

Nyota nne kati ya tano. Ukienda, usikubali ile pedi yenye utepe wa gundi: kijiti chake kimelegea, kinaegemea nyuma chenyewe. Siku mbili nzima nilijiona sijui kuendesha pikipiki.