Karani aliniambia kesi yangu haipo, na kumbe ipo

"Hakuna kesi yenye jina hilo." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikae chini kuandika uzoefu wangu wa kutafuta kumbukumbu za mahakama ya kaunti huku Texas. Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikipandisha sauti.

Nilikuwa naandaa maombi ya uraia wa Marekani. Fomu N-400 inakuuliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa, na unatakiwa kusema hata kama kesi ilifutwa. Mimi niliwahi. Miaka mingi nyuma nilisimamishwa na polisi barabarani, leseni yangu ikiwa imefungiwa kwa deni la ada za ziada ambazo Texas ilikuwa ikiwatoza madereva. Utaratibu ule ulianza mwaka 2003, na walikuja kuufuta Septemba 2019 baada ya kuwafungia leseni watu wengi wasio na uwezo wa kulipa. Bima ya gari nayo ilikuwa imekwisha, na kwa sheria yao mambo hayo mawili yakikutana kosa linapanda daraja. Nikalala mahabusu usiku mmoja. Baadaye mwendesha mashtaka akaiondoa kesi, jaji akasaini, nikaenda zangu kazini. Kilichobaki sasa ni kupata karatasi ya mahakama yenye muhuri inayosema hivyo.

Kabla sijafika dirishani nilishapoteza siku kadhaa, na hilo silaumu mtu. Nilijiandikisha kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za mahakama, senti 10 kwa ukurasa, kumbe ule ni wa mahakama za shirikisho tu; kesi ya kaunti hutaikuta humo hata ukeshe. Nikalipia pia tovuti moja ya watu binafsi inayojinadi kuwa na kumbukumbu za kila mtu. Ikanipa anwani zangu za zamani, ambazo nazijua. Halafu Texas ina kaunti 254, na makarani ni wawili tofauti. Karani wa kaunti hushika makosa madogo ya jinai, mirathi, leseni za ndoa na hati za ardhi. Karani wa wilaya hushika makosa makubwa na talaka. Kwetu tuliokulia Tanzania neno "wilaya" linapotosha kabisa, maana nyumbani mahakama ya wilaya iko chini, na huku ndiyo inayosikiliza mashauri mazito. Tena si kila kaunti iko hivyo: Harris, kwa mfano, hata makosa madogo ya jinai yako kwa karani wa wilaya. Na tiketi za faini tupu ziko kwingine kabisa, kwa mahakimu wa amani au manispaa. Ukiwa na kesi ya Texas, anza kwa kupiga simu uulize ni karani yupi, utaokoa nusu siku.

Mimi nilifika kwa karani sahihi. Ndiyo maana inaniuma.

Jina langu la mwisho lina ng' yenye ritifaa. Sitaliandika, ila chukua mfano wa jina Ng'wandu. Mzungu akilisikia anaweza kuandika Ngwandu. Kompyuta isiyokubali kile kialama cha juu inaweza kuandika Ng Wandu, na hapo "Ng" ikageuka jina la kati na "Wandu" ikawa ukoo. Ongeza na desturi yetu ya majina matatu, lako, la baba na la babu, ambayo mtu wa mapokezi ya mahabusu usiku wa manane haijui wala hana muda wa kuuliza. Haya yote nilikuwa nayajua. Miaka yote niliyokaa hapa nimepokea barua za benki zenye jina langu limevunjwa kwa kila namna. Kwa hiyo nilijiandaa: nikaandika kwenye karatasi tahajia sita, moja chini ya nyingine, kwa herufi kubwa.

Yule dada wa dirishani hakuipokea ile karatasi. Alichukua leseni yangu, akaandika jina kama lilivyo pale, akabonyeza, akanirudishia leseni.

"Hakuna kesi yenye jina hilo."

Nikamwambia kwa upole, dada, naomba ujaribu bila kile kialama cha katikati. Akasema anatafuta jina lililo kwenye kitambulisho. Nikamwambia kesi ipo, nilikuwepo, nilisimama mbele ya jaji. Akaniangalia kama mtu anayemdanganya. Nikamsogezea karatasi yangu tena kupitia ule upenyo wa kioo. Akairudisha kwa kidole kimoja, bila kuisoma. Ni hicho kidole. Nimeshajaribu kujiambia kuwa alikuwa amechoka, kwamba foleni ilikuwa ndefu, kwamba labda asubuhi ile alikuwa na mgonjwa nyumbani. Inawezekana kabisa. Lakini tahajia sita zingemchukua dakika mbili.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo hasa naliandikia. Akasema nikitaka anaweza kunipa barua ya kuthibitisha kwamba hawana kumbukumbu yoyote juu yangu, yenye muhuri, nilipe tu ada.

Elewa uzito wa hilo. Barua kama hiyo idara ya uhamiaji huwa inaikubali, pale ambapo kumbukumbu kweli hazipo. Lakini katika maombi ya uraia unachukuliwa alama za vidole, zinapelekwa FBI, na vidole havina tahajia. Kule kukamatwa kwangu kungeonekana. Ningekaa mbele ya ofisa nimeshika karatasi ya serikali inayosema sina kesi, naye ana karatasi ya serikali inayosema nilikamatwa. Nani angeonekana anaficha? Na nakiri nilisita pale dirishani. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nilikuwa nimechoka, na barua ilikuwa inapatikana palepale. Mtu mwingine, mwenye Kiingereza kidogo kuliko changu, angeichukua na kushukuru.

Nikaondoka bila kitu. Usiku ule sikulala vizuri.

Sasa hapa inanibidi niseme jambo litakalowachanganya waliosoma mpaka hapa kwa kunihurumia. Siku chache baadaye nilirudi jengo lilelile, nikaenda chini kwenye chumba cha kumbukumbu za zamani, na pale nikahudumiwa vizuri kuliko nilivyowahi kuhudumiwa na ofisi yoyote ya umma, huku au nyumbani. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Hakuniuliza jina kwanza. Aliniuliza tarehe ya kuzaliwa, kisha mwezi na mwaka niliokamatwa, hata kwa kukadiria. Akatafuta kwa tarehe. Zikatokea kesi chache, akageuza skrini kidogo, akaniuliza, "Huyu ni wewe?"

Nilikuwa mimi. Jina la baba likiwa limefanywa ukoo, na jina la ukoo limekatwa vipande viwili.

Akanipa namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi, akaniambia niitunze kuliko risiti zote, kwa sababu ukishakuwa na namba hakuna anayeweza kukuuliza tena habari ya jina. Amri ya jaji ya kuiondoa kesi ilikuwa ukurasa mmoja. Dola 1 ya ukurasa, dola 5 za kuthibitisha, muhuri ukagongwa mbele yangu. Hakuniuliza naitakia nini. Sikuhitaji wakili wala mtu wa kunijua. Nikifikiria jinsi ndugu zangu walivyohangaika na jalada la mirathi ya mzee wetu kule nyumbani, njoo kesho, njoo Jumatatu, naona haya kulalamika. Mfumo wao uko wazi kweli. Mtu yeyote anaweza kuingia pale na kuomba kesi ya mtu yeyote, isipokuwa zilizofungwa kwa amri ya jaji na za watoto.

Kwa hiyo nilishakusudia kuandika kwamba huduma ni nzuri, na kwamba yule wa dirishani ni mtu mmoja tu. Halafu nikakumbuka kuwa wote wawili wanatumia kompyuta za ofisi moja. Kilichomwezesha mama wa chini, kutafuta kwa tarehe, wa juu naye anacho. Basi nzuri kwa nani? Kwa mtu mwenye jina fupi wanalolijua. Sisi wengine tunategemea tumekutana na nani siku hiyo.

Maombi yangu yalikwenda. Wakili aliniandikia tamko la kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, nikaliambatisha na ile amri.

Kabla ya kuondoka siku ile nilimwomba yule mama anirekebishie jina kwenye faharasa yao, au hata aongeze tu tahajia sahihi pembeni, ili nikitafutwa nipatikane. Akasikitika. Akasema jina lililo kwenye hati ya mashtaka yeye hana mamlaka ya kuligusa, nipeleke ombi kwa jaji. Sijapeleka bado. Jina la babu yangu lingali limekatwa humo ndani, na siku nikihitaji nakala nyingine nami nimeipoteza ile namba, itabidi nisimame kwenye foleni nilitamke walivyolikosea wao.