Diski za kupanua NAS ya nyumbani: nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kuiacha dukani

NAS (kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani) ikikaribia kujaa, si lazima ununue kisanduku kingine. Mara nyingi inatosha kuchomoa diski ndogo na kuweka kubwa, moja baada ya nyingine, huku mafaili yako yakibaki palepale. Tatizo ni kwamba hakuna kazi ngumu kuliko hiyo ambayo diski zako zitawahi kufanya. Kila unapobadilisha moja, RAID, yaani mfumo unaozifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, huijaza mpya kwa kuzisoma zilizobaki mwanzo hadi mwisho. Diski ya TB 16 ikiandikwa kwa wastani wa MB 200 kwa sekunde inamaliza saa 22 hivi, na hapo ni iwapo hakuna mtu nyumbani anayeitumia NAS kwa jambo jingine. Kama uko kwenye RAID 5, inayohimili kifo cha diski moja tu, muda wote huo huna kinga: diski ya pili ikifa, data yote imekwenda nayo.

Kwa hiyo nimezipima kwa jinsi zitakavyohimili siku hiyo. Kasi ya kila siku sikuipa uzito, maana mtandao wa gigabiti moja unaishia kwenye MB 115 hivi kwa sekunde, na karibu kila diski nzima ya leo inafika hapo bila jasho.

1. Diski za NAS zenye CMR

CMR ni uandishi ambao njia za data hazilaliani; kinyume chake ni SMR, nitakayoieleza mwishoni. Hapa namaanisha Seagate IronWolf, WD Red Plus na Toshiba N300. Zina waranti ya miaka 3, na zimekadiriwa kuhamisha TB 180 kwa mwaka, kiasi ambacho familia ya kawaida haikikaribii. Kinachozitofautisha na diski za kompyuta ya mezani ni tabia zake zinapokutana na sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka. Zinahangaika nayo kwa sekunde chache, kisha zinatoa taarifa na kuiachia RAID ijaze pengo kutoka kwenye diski nyingine. Diski ya mezani inaweza kung'ang'ania sekta hiyohiyo hadi RAID iione kama imekufa na kuitupa nje, na ikitokea katikati ya kujenga upya, umeharibikiwa.

Kati ya hizo tatu, NAS inayokaa sebuleni naipa Red Plus za ukubwa mdogo, zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika na hazina kelele sana. N300 huzunguka mara 7,200, na utazisikia.

Sasa angalia neno Plus kwa makini. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa zinatumia SMR bila maelezo ya bidhaa kusema hivyo. Kampuni ikakiri mwezi Aprili, kisha ikazitenga za CMR kwa jina la Red Plus. Red tupu, bila Plus wala Pro, iache.

2. Diski za seva, mpya

Seagate Exos, WD Ultrastar na Toshiba MG. Waranti yake ni miaka 5 na kadirio ni TB 550 kwa mwaka. Ukipanda hadi TB 16 na kuendelea, linganisha bei kabla ya kuamua, kwa sababu mara nyingi hazizidi IronWolf Pro au Red Pro, na wakati mwingine ziko chini. Ndiyo maana za Pro sijazipa nafasi yake hapa: ni nzuri, ila zinunue tu zikiwa nafuu kuliko hizi.

Kero yake ni mlio. Vichwa vya kusomea vinagonga tak-tak usiku kucha, na kwenye rafu ya mbao mlio unaongezeka. Hakikisha pia umenunua yenye kiunganishi cha SATA; yenye SAS, kiunganishi cha seva, haitaingia kwenye kisanduku cha nyumbani. Na uliza kama waranti ni ya mtengenezaji kwako wewe, kwani diski zilizokusudiwa kampuni za seva huuzwa rejareja bila waranti hiyo.

3. Diski za seva zilizotumika

Hapa ndipo penye TB nyingi kwa pesa kidogo, na ndipo penye ujanja mwingi. Mapema 2025 ilibainika kwamba Exos zilizotumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, huku saa za matumizi kwenye SMART (kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea) zimerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu nyingine ya ndani ya diski za Seagate, iitwayo FARM. Ukiwa na toleo jipya la programu ya smartmontools, amri ya `smartctl -l farm` itakuonyesha. Saa za FARM zikipishana sana na za SMART, rudisha mzigo.

Nunua kwa muuzaji anayesema wazi kuwa zimetumika na anayetoa waranti yake mwenyewe. Ningezitumia kwenye RAID 6 tu, ambayo inahimili vifo viwili.

4. Diski za nje zilizovuliwa ganda

Zile kubwa za USB wakati mwingine huuzwa kwa bei ya chini kuliko diski isiyo na ganda. Hujui utakuta modeli gani ndani, na waranti inakuwa ya mashaka. Baadhi hazitawaka ukizichomeka, kwa sababu pini ya tatu ya umeme inapopata volti 3.3 huiamuru diski izime. Watu huiziba kwa utepe wa Kapton, usiopitisha umeme. Ndogo za kubeba mfukoni usizifungue kabisa, nyingi soketi ya USB imeunganishwa kwenye bodi yenyewe.

5. SSD

Ni diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani. Kimya na kasi, ila kwa filamu na picha unalipia kitu ambacho mtandao wako hauwezi kukitumia.

Ya kuiacha: SMR

Seagate BarraCuda nyingi za mezani ziko hapa, na WD Blue kadhaa. Njia za data hulaliana kama makuti ya paa: kubadilisha moja kunalazimu kuandika upya zilizo juu yake. Kwa kuhifadhi nakala rudufu mara moja kwa wiki hazina neno. Kwenye kujenga RAID upya kasi huporomoka, na saa 22 zinaweza kugeuka siku kadhaa.

Kabla ya kulipa

RAID 5 hufuata diski ndogo kuliko zote. Ukiwa na tatu za TB 4 na moja ya TB 16, hiyo kubwa inahesabiwa kama TB 4 hadi umalize kubadilisha zote. SHR, aina ya RAID ya Synology, kampuni ya visanduku vya NAS, ni laini zaidi: ukishaweka kubwa mbili, nafasi inaanza kuonekana. Pia usishangae diski ya TB 8 ikisomeka 7.27, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, mfumo kwa 1,024.

Soma orodha ya diski zinazokubalika ya kisanduku chako. Wenye NAS za Synology za familia ya Plus za 2025 walibanwa kutumia diski za kampuni hiyo, hadi toleo la 7.3 la DSM, mfumo wa NAS hizo, lilipolegeza sharti hilo Oktoba mwaka huohuo. NAS za zamani zenye prosesa ya biti 32 nyingi hukomea volyumu (nafasi moja ya kuhifadhi) ya TB 16.

Diski mpya ifanyie jaribio refu la SMART kabla ya kuikabidhi chochote, na NAS ifanyie usafi wa data (scrubbing), yaani isome na kukagua data yote, ili sekta mbovu zijulikane mapema. Kuna nafasi tupu kwenye kisanduku? Weka mpya humo na utumie kipengele cha kubadilisha diski bila kuchomoa ya zamani, kama mfumo wako unacho, kinga haikatiki. Bekapu iwe nje ya NAS hiyo. Diski unazozitoa ziandike namba za nafasi zake, na usizifute hadi ya mwisho imemaliza kujengwa.